Vita vya Droo ya Nne katika Masijala ya Mwashilulu

Njooni mketi, enyi watu wa nchi ya pamba na dhahabu, mlioko Kishapu na mlioko Kahama, mnaouza mpunga Kagongwa na mnaoponda mawe huko Geita. Wekeni jembe chini, wekeni karai chini, zimeni redio kwa muda. Nataka kuwasimulia habari za vita vilivyopiganwa siku tatu, mchana kweupe, katika masijala ya Shule ya Sekondari ya Mwashilulu. Vita ambavyo havikumwaga damu ila tone moja la kidole cha mwalimu wa michezo, na ambavyo adui yake alikuwa na urefu wa kifua cha mtu mzima, rangi ya kijivu, na droo nne. Mimi Sostenes, mwalimu wa Kiswahili, nilikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, na sehemu yangu katika vita hivyo haikuwa ya kujivunia, kwa hiyo mnaweza kuniamini.

Kwanza muijue shule yenyewe. Mwashilulu ilizaliwa mwaka 1956, madarasa mawili ya tofali za udongo katikati ya mbuga nyeusi, ikiitwa shule ya kati, mkoloni akiwa bado anapandisha bendera yake. Ikauona Uhuru. Ikawa sekondari, ikapata mabweni, ikapata kidato cha tano na cha sita, ikaezuliwa paa na upepo ikaezekwa tena. Imetoa wahandisi na mapadri, wauguzi na madereva wa malori, mahakimu wawili na wachimbaji wasio na idadi. Na mwaka huu imetimiza miaka sabini, nayo kamati ya sherehe, ikitafuta mtu wa kuandika kijitabu cha historia ya shule, ilinitazama mimi.

Nikaandika kurasa arobaini. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sentensi niliyoipenda kama mtu anavyompenda mtoto wake wa mwisho: “Shule ilifungua milango yake kwa wavulana watupu, thelathini kwa idadi, na msichana wa kwanza hakukanyaga sakafu yake mpaka mwaka 1978.” Nilikuwa nikiisoma kwa sauti nikiwa peke yangu. Habari hiyo nilikuwa nimeitoa katika hotuba ya zamani ya mgeni rasmi fulani, na kwa kuwa ilipigwa chapa na ilikuwa na muhuri, sikumuuliza mtu mwingine.

Basi siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, wiki tatu kabla ya sherehe, aliingia masijala bibi mmoja aliyevaa kitenge cha kijani, sweta, na raba nyeupe zilizosafishwa kwa brashi. Akatusalimu kwa Kisukuma, “Mwangaluka,” nasi tukampa shikamoo zake, akaitikia, akakaa kwenye kiti cha wageni, akaweka fimbo yake kati ya magoti. Jina lake Nyamizi, umri wake miaka themanini na miwili, na alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka kijiji cha pili. Akauliza ni nani anayeandika kitabu cha shule. Wakanionyesha mimi. Akaomba nimsomee mwanzo wake.

Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ile ninayoitumia siku ya mahafali. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kikiwa upande.

“Umeandika vizuri, mwanangu,” akasema. “Ila hilo neno ‘watupu’ lifute. Mimi nilikuwemo.”

Akaeleza, taratibu, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi mno na hategemei tena mengi. Baba yake, mzee Shija, alikuwa mpishi wa shule. Dirisha la jiko lilitazamana na dirisha la darasa la tano, na Nyamizi, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akiosha masufuria huku akijibu hesabu za ubaoni kabla wavulana hawajainua mikono. Mwalimu mkuu wa wakati huo, aliyeitwa Benjamini, alivumilia wiki mbili, halafu akatoka, akamshika mkono ukiwa bado na majivu, akamkalisha dawati la mbele. Alisoma miaka miwili. Kisha baba yake akahamia Kahama, na masomo yakaishia hapo. Aliporudi upande huu alirudi kama bibi harusi.

Aliwasimulia watoto wake, wakamwitikia kwa adabu. Aliwasimulia wajukuu, wakacheka. Marehemu mume wake, ambaye alimpenda sana, alikuwa akiwaambia wageni, “Mke wangu huyu amesoma Mwashilulu,” halafu anawakonyeza. Bibi Nyamizi aliuona mkonyezo huo kwa miaka arobaini na mmoja.

Hapa lazima niseme ukweli juu yangu. Sikumcheka, lakini nilimwambia, kwa ule upole unaoudhi kuliko kicheko, kwamba historia haiandikwi kwa kumbukumbu za mtu mmoja, historia inahitaji ushahidi. Naye akasema ushahidi upo. Mwalimu Benjamini aliliandika jina lake katika rejista kwa mkono wake mwenyewe. Aliiona kalamu ikipita. Rejista ikipatikana, jina litaonekana.

Ndipo macho ya chumba kizima yakamgeukia mtu aliyekuwa nyuma ya meza kubwa.

Imbeni sifa zake, enyi mafaili ya bluu na ya njano: Agnetha, mama yake Loveness, karani wa masijala kwa miaka ishirini na miwili! Agnetha Mshika Mihuri, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Agnetha asiyepoteza barua, ambaye mbele yake walimu wakuu watano wamekuja na kwenda, naye amebaki. Mfupi wa kimo, mchache wa maneno, mwepesi wa kukuonyesha mlango ukija bila fomu. Aliinuka, akaenda kwenye kabati la chuma lililosimama kona ya mbali, akasoma orodha iliyobandikwa ubavuni mwake kwa gundi ya zamani. Droo ya nne, ile ya chini kabisa, iliandikwa hivi: Rejista za mwanzo, 1956 hadi 1963.

“Zimo humu,” akasema Agnetha. “Lakini droo hii haifunguki.”

Ilikuwa kweli. Ufunguo ulikuwepo, ulizunguka, kitasa kililia “ka” kama kawaida, na droo haikusogea hata unene wa ukucha. Karani aliyemtangulia alikuwa amemkabidhi kabati hilo kwa maneno mawili tu: hiyo iache. Naye akaiacha, maana rejista za mwaka 1956 hakuna aliyewahi kuja kuziulizia. Miaka sabini ya Mwashilulu ilikuwa imekaa juu ya mizizi yake bila mtu kuhitaji kuichungulia.

Mkuu wa shule, Mwalimu Bartholomeo Masele, akaitwa. Huyu ni mtu mrefu, mwenye busara, anayeogopa vitu viwili duniani, radi na wakaguzi. Alisikiliza pande zote, akapapasa tai yake, akatoa hukumu. Kijitabu kitapelekwa kwa mpiga chapa Shinyanga mjini Ijumaa asubuhi, na siku hiyo haisogei. Droo ikifunguka kabla ya hapo na jina likaonekana, ukurasa wa kwanza utaandikwa upya. Isipofunguka, ukurasa utabaki ulivyo. Bibi Nyamizi akasema ni haki. Akasema pia kwamba atakuja kila asubuhi, na akaja.

Hivyo mzingiro ukaanza.

Wa kwanza kuingia vitani alikuwa Mwigulu, mwalimu wa michezo, nguzo ya kuvuta kamba ya wilaya nzima, mwenye shingo pana kuliko kichwa. Alikuja saa nne ya siku ileile, akakunja mikono ya shati, akalizunguka kabati mara mbili kama fahali anayepima mwenzake. Kisha akalihutubia. Alisema kwamba yeye amevuta kamba dhidi ya polisi akawashinda, amevuta kamba dhidi ya wauza ng'ombe wa mnada wa Mhunze akawashinda, amelitoa trekta kwenye tope la masika akiwa na watu wanne tu, na kwamba droo, kwa heshima zote, ni droo.

Akashika mpini kwa mikono miwili. Akaweka mguu mmoja ukutani. Mishipa ikamtoka shingoni, chuma kikalia, kabati likatetemeka, mafaili ya juu yakaanguka moja baada ya jingine kama askari walioishiwa moyo. Halafu kikasikika kishindo. Mwigulu alikuwa amekaa juu ya maboksi ya mitihani ya zamani, mpini mkononi, kidole kikitoka damu. Kwenye uso wa droo palibaki matundu mawili ya skrubu, yaliyochanika kutosha kidole, yakitutazama kama macho.

Agnetha alimpaka spiriti, akamfunga plasta, akaandika tukio hilo katika daftari la huduma ya kwanza. Mpini akautia kwenye bahasha, akaiandika namba.

Jumatano alikuja shujaa wa pili, na huyo alikuja kwa gari. Bwana Jilala, mwenyekiti wa wanafunzi wa zamani, alimaliza kidato cha sita hapa mwaka 2006, akaenda Geita na nyundo ya kuazima, akashuka katika duara, yaani lile shimo la wachimbaji, na baada ya miaka kadhaa ya vumbi akatoka akiwa mtu wa kusalimiwa. Alikuwa amesikia habari za Jumanne. Aliteremsha nyundo kubwa, akateremsha moko, ile patasi nene ya kuvunjia mwamba, akateremsha mtaimbo mrefu kama mimi, na mwisho akateremsha grenda, mashine ya kukatia chuma, na waya wake mrefu. Akaipanga silaha yote sakafuni mbele ya kabati, akampa bibi shikamoo kwa kupiga goti, kisha akasema maneno yake.

Alisema amepasua mwamba mita themanini chini ya ardhi akiwa amelala kifudifudi, maji yakimfika kifuani. Alisema jiwe lenyewe, aliloliumba Mungu, limemfungukia. Sembuse bati lililotengenezwa na binadamu. Aliomba dakika tano na mahali pa kuchomeka waya.

Mwalimu Masele akaingia kati, si kwa ujasiri bali kwa hofu. Akaonyesha namba ya rangi nyeupe mgongoni mwa kabati. Hii ni mali ya umma, akasema. Kuikata kunahitaji kibali cha maandishi, na kibali kinaombwa kwa barua, na barua ina safari yake, na safari hiyo haiwezi kwisha kabla ya Ijumaa. Jilala akajibu kwamba atanunua kabati jipya, zuri kuliko hili, la droo sita. Mkuu akapapasa tai. Niliona anayumba.

Lakini kati ya grenda na kabati palikuwa tayari na mtu. Agnetha alikuwa ameegemea droo ya pili kwa mgongo, mikono imefungwa kifuani, na ingawa kichwa chake kilimfika Jilala kwenye mfuko wa shati, ni Jilala aliyerudi nyuma hatua moja.

“Jilala, mwanangu,” akasema, “ulipofiwa na baba yako ukiwa kidato cha tano, barua ya ruhusa nilikuandikia mimi. Nakala yake iko droo ya pili, hapa ninapoegemea. Hiyo mashine yako inatoa cheche. Humu ndani ni karatasi za watu, na kila mtu ana siku yake moja humu. Ukiichoma hiyo siku, utamlipa na kabati jipya?”

Jilala aliutazama uso wa droo ya pili, kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka chumba kingine. Kisha akainama, akauzungusha waya wa grenda polepole mkononi, akaurudisha garini pamoja na grenda yenyewe, nyundo na moko. Mtaimbo aliuacha, akisema huenda ukafaa kwa jambo lingine, naye akaenda kukaa kwenye benchi la nje, bila simu.

Bibi Nyamizi alikuwa ameyaona yote hayo akiwa kwenye kiti chake. Mchana ulipofika alisimama kwenda zake, na alipopita karibu na Agnetha akamgusa kiwiko.

“Usihangaike sana, mwanangu,” akasema. “Mimi nimezoea.”

Agnetha alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa, akaivua tena, akaifuta tena. Na mimi, enyi wasikilizaji, nilirudi kwenye ofisi ya walimu nikiwa nimefarijika. Nilijiambia kwamba nimesikitika. Lakini nilipoitoa ile sentensi yangu na kuisoma, niliona kwamba ninafurahi imebaki salama, na nikaona aibu, na bado nikaisoma mara ya pili.

Ikafika Alhamisi, siku ya mwisho. Bibi akaja, raba zake nyeupe zimeshasafishwa upya. Agnetha alikuwa anapiga deki mwenyewe, maana Alhamisi ndiyo siku ya masijala kupigwa deki, na hata dunia ikaribie kwisha, Alhamisi ya Agnetha ni Alhamisi. Nilikuwa mlangoni, kurasa zangu arobaini mkononi, tayari kwa safari ya kesho. Akamwaga maji ya ndoo, akasimama na ufagio, akayatazama. Maji hayakutulia. Yalijikusanya, yakapita chini ya meza yake, yakapita chini ya kiti cha bibi, yakaenda moja kwa moja kama jeshi linalojua njia, yakaingia chini ya kabati, na hayakutokea upande wa pili.

Agnetha akapiga magoti. Akainamisha kichwa mpaka shavu lake likakaribia sakafu.

“Mwalimu,” akaniita, “haya maji yanakwenda wapi?”

“Yanakwenda chini,” nikasema, kama mtu mwenye shahada.

“Ndiyo,” akasema Agnetha. “Na kwa nini chini kuwe huku?”

Akatueleza, akiwa bado magotini. Nyumba yake iko kwenye udongo huuhuu mweusi wa mbuga, udongo unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Mwaka fulani mlango wake wa mbele ulikataa kufunguka. Alibadilisha kitasa, haukufunguka. Alibadilisha bawaba, haukufunguka. Fundi aliyejua kazi yake hakugusa mlango kabisa. Alitazama msingi, akakuta kona moja imezama, fremu imepinda, mlango umebanwa. Akainyanyua kona, mlango ukafunguka wenyewe. Sasa hapa, akasema, sakafu imezama kona ya nyuma kushoto, kabati limekaa kwa miguu mitatu, mwili wake umejipinda, na droo ya chini imebanwa katikati. Kitasa hakina kosa. Mwigulu alikuwa anavuta kitu kilichoshikwa na jengo zima.

Sijawahi kusikia mkakati wa vita uliotolewa kwa sauti ya chini hivyo. Mwigulu akaitwa, kidole chake kikiwa bado na plasta. Jilala akainuka kwenye benchi la nje, maana alikuwa amekuja tena bila kuitwa. Ule mtaimbo ukaingizwa chini ya kona iliyozama, wanaume wawili wakauegemea, na kabati zee, lililokuwa halijasogezwa tangu baadhi yetu hatujazaliwa, likapumua na kuinuka. Agnetha akalala chini, kwenye maji, sketi yake ya kazini ikilowa, akasukuma kipande cha rula ya ubaoni chini ya mguu. Wakashusha. Akainuka, akazungusha ufunguo, akatia vidole viwili kwenye matundu ya skrubu, akavuta. Droo ikasogea unene wa ukucha. Ikasimama.

“Bado kidogo,” akasema. “Unene wa kitabu chembamba.” Wanaume wakauegemea mtaimbo tena, naye akalala kwenye maji, akanyoosha mkono juu bila kutazama. “Karatasi.”

Tukaangaliana. Tulikuwa tumezungukwa na karatasi, kutoka sakafuni hadi darini, lakini kila moja ilikuwa na namba ya jalada, na ile iliyokuwa na namba Agnetha asingeruhusu iguswe hata kama paa lingekuwa linawaka. Katika chumba chote kile zilikuwemo karatasi zisizo na namba arobaini tu, na zilikuwa mkononi mwangu.

Nilisita. Msinihukumu kabla hamjaandika kitu. Kisha nikageuka, nikamwona bibi kwenye kiti chake. Hakuwa ananitazama mimi wala karatasi zangu. Alikuwa anaitazama droo, na midomo yake ilikuwa inatikisika kidogo, bila sauti, kama mtoto anayerudia jibu moyoni kabla hajaulizwa. Nikakunja ukurasa wa kwanza mara nne. Agnetha akausukuma chini, akanyoosha mkono tena. Nikampa wa pili, na wa tatu. Kwenye ukurasa wa kumi na moja akasema inatosha.

Mtaimbo ukashushwa. Agnetha akainuka, maji yakimchuruzika, akanyoosha miwani yake. Tukasikia darasa la mbali likifundishwa jiografia. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Akaingiza vidole viwili, kile cha shahada na cha kati, katika matundu mawili yaliyoachwa na nguvu za Mwigulu. Wala hakuweka mguu ukutani, wala hakuhutubia. Akavuta.

Droo ya nne ikaja. Ilikuja taratibu, ikilalamika kidogo kama mzee anayeamshwa, ikaja mpaka mwisho, na harufu ya vumbi la kale ikatupiga usoni. Ndani mlikuwa na mjusi aliyekauka, boksi la chaki, na rejista tatu zenye majalada ya kitambaa.

Mwalimu Masele akaja mbio, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye shule, akapewa ya mwaka 1956. Akaifungua kwa ncha za vidole. Wino ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Akasoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine, nasi tukayahesabu. Kumi. Ishirini. Alipofika ishirini na tano sauti yake ilianza kupungua. Thelathini. Ukurasa ukaisha, na chini yake ulichorwa mstari, na jina la Nyamizi halikuwemo.

Kwa siku mbili nilikuwa nimelitaka jambo hilohilo. Sasa lilikuwa limetokea, na sikulitaka tena. Mwigulu alitazama plasta yake. Bibi aliinua fimbo, akaiweka sawa, kama mtu anayejiandaa kusimama.

“Geuza, Mkuu,” akasema Agnetha.

Mkuu akasema orodha imefungwa, mstari umechorwa.

“Mtu anayeingia baada ya mstari anaandikwa nyuma,” akasema Agnetha. “Mimi ndivyo ninavyofanya.”

Masele akageuza. Upande wa pili ulikuwa mweupe wote, isipokuwa juu kabisa, ambapo mkono uleule, kwa wino mwingine, ulikuwa umeandika mstari mmoja. Alijaribu kuusoma, akashindwa, akampa Agnetha, naye akausoma kama anavyosoma barua zote, bila kupandisha wala kushusha.

“Thelathini na moja. Nyamizi binti Shija. Umri, kumi na miwili. Kazi ya baba, mpishi wa shule. Maoni ya mwalimu: Hesabu, nzuri sana. Ni msemaji. Ametolewa nje mara mbili kwa kucheka.”

Sote tukamgeukia. Tulikuwa tumejiandaa kwa machozi, na wengine walikuwa wameshaanza yao. Jilala alikuwa amegeukia ukuta. Lakini bibi alikuwa anatikisika mabega, na tulichelewa kutambua kwamba ni kicheko, kile kicheko chenyewe.

“Mara tatu,” akasema. “Moja hakuiandika.”

Akaomba apewe rejista. Akaiweka magotini, akalamba kidole, akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma mwenyewe. Alisoma polepole, kidole chini ya kila jina, na baada ya kila jina alisema mtu huyo alikuwa nani. Huyu alikuwa na kigugumizi akawa padri. Huyu alikufa kwa ndui kabla ya mitihani. Huyu aliniibia kalamu. Huyu alifanya kazi reli ya Isaka mpaka akastaafu. Nilimzika mwaka juzi. Akaenda hivyo mpaka wa thelathini, na tukaelewa, bila yeye kusema, kwamba hakubaki mwingine. Alipogeuza na kufika kwenye jina la thelathini na moja hakusema habari zake. Alipitisha kidole juu yake mara moja, akaifunga rejista, akamshika Agnetha mkono, akamwambia kwa lugha yao, “Wabeja,” yaani asante, na wakashikana hivyo, mmoja mkavu na mmoja ameloa maji ya deki.

Historia niliiandika upya mchana ule wote. Ilipungua majivuno na ikaongezeka urefu. Ijumaa ilikwenda Shinyanga kama ilivyopangwa, na kwenye ukurasa wa kwanza sasa wako thelathini na mmoja.

Lakini kabla hatujatawanyika, Mwalimu Masele alifanya jambo ambalo sikumtegemea. Alikwenda ofisini kwake, akaleta kitabu kikubwa cha matukio ya shule, kile ambacho ndani yake huandikwa ziara za mawaziri tu, na upepo ulioezua bweni, na siku umeme ulipoingia. Akakiweka juu ya kabati, akafungua kalamu, na kwa mwandiko wake mzuri akaandika kwa ajili ya vizazi vyote vijavyo vya Mwashilulu: Alhamisi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika mwaka wa sabini wa shule hii, baada ya mzingiro wa siku tatu, Droo ya Nne, iliyomshinda mwenye nguvu na iliyomshinda mwenye silaha, ilifunguliwa na Agnetha, karani wa masijala, kwa vidole viwili, bila kuvunja mali ya umma. Sifa na ziwe kwake.

Agnetha alisoma, akasema neno “asubuhi” halina haja kwa kuwa saa nne ya usiku shule imefungwa, kisha akasema tukio kama hilo linahitaji shahidi. Masele akamgeuzia bibi kitabu, akamwonyesha mahali. Bibi Nyamizi alishika kalamu kwa vidole vitatu, akaandika jina lake lote pamoja na la baba yake, herufi kubwa, zilizonyooka, bila haraka. Akaona kwamba pembeni pana nafasi nyingine, iliyoandikwa Cheo, ambapo mawaziri huandika ya kwao. Akafikiri kidogo. Kisha akaandika: Mwanafunzi.